Ardhi ya Huyu, Miti ya Yule

Jumatatu, 1 Februari 1988

Chai, mkate, kisha kutoka Riruta kwenda Mutuini, pembezoni mwa Nairobi. Malori mawili yamejaa kokoto kabla ya saa nne, la tatu limesubiri. Timbo letu la mawe linaisha. Huku chini tumefikia udongo, na jiwe lililobaki linaelekea kwa jirani. Bwana Harbans, tajiri wangu, ameamua: tupanue kwenye shamba la Mama Wangari kabla ya mvua, ama tufunge. Wanawake wanaoponda mawe kwa nyundo wamesikia. Leo hawakuimba.

Mama Wangari yuko tayari kukodisha. Hati ni yake. Kazi yangu ni kupima na kuhesabu mimea itakayolipiwa fidia. Kazi nyepesi.

Alhamisi, 4 Februari

Si nyepesi. Nimefanya kosa la mtu wa Unguja.

Mahindi nilihesabu, migomba nilihesabu. Nikafika kwenye mikima, ile miti mirefu ya mbao, nikauliza kama ambavyo marehemu baba angeuliza: hii ilipandwa na nani? Kwetu ardhi yaweza kuwa ya huyu na mikarafuu ya yule, na kila mmoja hulipwa chake. Vijana wa kushika kamba walicheka. Mama Wangari alicheka kuwashinda.

"Mzee wa Pwani, unakodi shamba ama unakodi kivuli?"

Nami nikacheka.

Nyokabi hakucheka. Ni mke mwenza wa Mama Wangari, mdogo; mume wao alifariki zamani. Alikuwa akitumiminia uji. Aliweka kibuyu chini, akasema aliipanda yeye, mwaka alioolewa, mume alipomwonyesha sehemu yake ya kulima. Akanyoosha mkono. Nyumba yake, viazi vyake, mikima: vyote vimo ndani ya mstari wangu.

Hakuna aliyemwambia. Alidhani tunapima barabara, na akatupikia uji.

Aibu tupu.

Ijumaa, 5 Februari

Ofisini mjini baada ya swala. Bwana Harbans hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mimi natuma wewe hesabu miti, Mzee. Nani alisema uliza historia?"

Kisheria yuko sawa. Hati ina jina moja. Nimalize hesabu ya shamba zima wiki ijayo, la sivyo atatafuta mtu mwingine. Nami ni mtu wa kupanga chumba. Umri huu, nani ataniajiri? Nimeogopa. Niliporudi nilifungua kitabu, nikasoma ukurasa mmoja mara tatu.

Jumanne, 9 Februari

Mama Wangari hataki kuniona. Nyokabi anapalilia viazi. Hakuinua kichwa nilipopita.

Wanawake wa nyundo wamenigeukia. Mkubwa wao, Mama Auma, alinisimamisha njiani. "Baba, huyo ana viazi. Sisi tuna nyundo tu. Watoto wetu wale nini, hiyo miti yako?" Yuko sahihi. Hilo ndilo linaloniudhi. Kila mtu hapa yuko sahihi.

Nyumba yetu ya Unguja ilichukuliwa kwa karatasi safi kabisa, yenye mhuri. Miaka ishirini na minne sasa. Kwa hiyo najua hati inaweza kufanya nini. Sitaki kuwa mkono unaoiandika.

Nimechora ramani mbili. Ya kwanza ni shamba zima: jiwe la miaka mitano. Ya pili ni upande wa Mama Wangari peke yake: miaka miwili. Michache, lakini timbo halifungwi. Ya pili nimeipeleka kwa Mama Wangari. Aliipokea mlangoni, akafunga mlango.

Jumamosi, 13 Februari

Mama Wangari amekuja timboni mwenyewe, jembe begani. Hakusalimu. Alitangulia, sote nyuma: mimi, Bwana Harbans, wanawake na nyundo zao. Alitembea kutoka kwenye kijito hadi barabarani, akikata alama kwa jembe. Mstari ule mumewe aliutembea mbele ya wake zake wote wawili, alisema. Hakuwa ameusahau.

"Nilitaka tu mtu asiulize," akaniambia. "Wewe ukauliza mbele ya watu. Una mdomo, mzee."

Kisha akapanda matoka juu ya mstari, yale maua ambayo Wakikuyu hupanda mpakani. Anayeyang'oa huogopa laana. Nyokabi alileta maji ya kumwagilia.

Bwana Harbans aliitazama ramani yangu ya pili, Mama Wangari alipompa. "Miwili basi," akasema. Akanirudishia ramani, niendelee na hesabu. Mama Auma alihesabu kwa vidole mwanawe atakuwa darasa la ngapi miaka hiyo ikiisha.

Jumatano, 9 Machi

Baruti ya kwanza upande mpya. Jiwe ni zuri, la kijivu, halina nyufa. Malori matano.

Alasiri nilikwenda kumwona Nyokabi. Shimo liko hatua chache tu kutoka jikoni kwake. Kamba ya nguo ameihamishia nyuma ya nyumba, lakini shuka zimekuwa na rangi ya saruji vilevile. Nilianza kuomba radhi. Alinikatiza kwa kunivutia kigoda.

Akaleta chai. Chini yetu nyundo zilikuwa zinagonga, na wanawake walikuwa wanaimba. Vumbi jembamba lilitua juu ya chai kama utando. Nyokabi alilipuliza upande mmoja wa kikombe, akanywa upande wa pili. Nami nikafanya vivyo hivyo.