Saquina Yuko Uvunguni

Mama,

Ukitoka shamba la ushirika na hofu kwa sababu ya kengele, kaa chini kwanza. Saquina yuko uvunguni mwa kitanda chako, amelala, mzima kabisa. Muhogo nimeufunika.

Asubuhi nilimpeleka korongoni, kwenye maporomoko. Njia fupi, kivuli kitupu. Nikajificha nyuma ya maji ili nimtishe, nilipotoka, hayupo. Nililia, Mama! Nikamkimbilia katibu wa kijiji, akagonga kengele, kijiji kizima kikaenda kumtafuta.

Kumbe karudi nyumbani ili kunikomoa. "Dada, umeogopa eti?" Nikamkumbatia, kisha nikamfinya.

~~Kosa ni lake.~~ Kosa ni langu. Nakwenda kuwaita watu warudi. Shule ya bweni ilitufundisha kujikosoa mbele ya mkutano. Nikichelewa chakula, ujue makamarada, wenzetu wa kijiji, bado wananisikiliza.

Mwanao mtiifu (kuanzia leo),
Zainabo