Televisheni Isiyo na Sauti

Mama,

Leo nimefunga duka la ushonaji saa kumi na moja, jua bado lipo. Ungekuwepo usingeamini. Sare za shule zimejaa mezani, simu zote mbili nimezifungia kwenye droo, na wasichana wangu wa cherehani nimewaambia waende zao. Nimepita soko la Namatala polepole kama mtu asiye na kazi, nikanunua vitunguu vitatu na fungu la majani ya kunde. Sasa nimekaa nayachambua, na televisheni yako inaonyesha samaki.

Ndiyo, niliibeba mpaka huku Mbale. Samaki wanapita, wanarudi, hawana haraka ya kwenda popote. Sauti nimeizima. Nachambua jani, nainua macho, bado wapo. Nasinzia kidogo, naamka, bado wapo. Mwili umelegea mpaka vidole vya miguu, na hapo hamu yako ikanijia kwa nguvu, nikavuta daftari la vipimo vya wateja nianze kukuandikia.

Unakumbuka mwaka ule wa vita, kule kwetu Walukuba? Jeshi la Baba lilikuwa limeshindwa, naye ametoroka kuelekea kaskazini. Wanajeshi wapya walipita nyumba hadi nyumba wakitafuta wanaume kama yeye, na wakitafuta chakula pia. Ukakataa kabisa kukaanga. Tulikula mihogo ya kuchemsha, maharagwe ya kuchemsha, viazi vya kuchemsha. Ulisema harufu ya kitunguu inafika mbali, itawaleta maafande mpaka kwenye sufuria. Jioni, umeme ukiwepo, ulinifunika kanga yako ukaniwashia ile televisheni ndogo ya Baba bila sauti. Watu waliimba midomo wazi, kimya, nami nikawatungia nyimbo kichwani. Nilipolalamika ulisema, "Kula kwa macho, mwanangu." Nadhani sijawahi kulala usingizi mtamu kama ule, na nje kulikuwa na bunduki.

Vita vikaisha. Ving'ora vya viwanda vikaanza kulia tena asubuhi, sukari ikarudi dukani. Nawe ukarudi kukaanga, tena vitunguu vingi, mlango umeufungua wote, moshi unamwagika barazani. Lakini sauti ya televisheni hukuirudisha. Hata tulipopata hii ya rangi, ilikuwa bubu vilevile. Mimi nikakua, nikaolewa huku Mbale, nikaanza kukimbizana na vitambaa na wateja, na kila nilipokuja kukuona nilikukemea. Vita vimekwisha zamani, Mama, acha uoga. Funga mlango, wezi wataingia. Ulitabasamu tu, ukaendelea kukoroga.

Safari ya mwisho nilikuja mbiombio, simu sikioni. Nikaufunga mlango kwa sababu ya moshi, nikapandisha sauti mpaka mwisho ili usikie raha ya televisheni, nilisema hivyo. Ulichukua sahani yako ukaenda kula kwenye ngazi, nje. Nilifikiri umenuna. Niliondoka chakula changu hakijaisha. Wiki tatu baadaye niliitwa kuja kukuzika.

Siku ya arubaini yako nilikuwa namenya vitunguu vya pilau na Mama Zaina, jirani yako wa ukuta mmoja. Nikamsimulia uoga wako wa televisheni, nikicheka. Akaweka kisu chini.

"Hapana uoga ile," akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Baba yako wakati natoroka alisema akirudi hatapiga hodi, watu watasikia. Atakohoa tu pale mlangoni. Sasa mama yako alikuwa nasikiza."

Miaka yote hiyo, Mama. Ulikaa karibu na mlango ukisikiliza kikohozi.

Nitakwambia kweli, nilikukasirikia wiki nzima. Kwa nini hukuniambia? Ningecheka, labda ndiyo maana. Kisha hasira ikanigeukia mwenyewe. Jioni yetu ya mwisho nilikufungia mlango, nikakujazia nyumba kelele, na wewe ukatoka na sahani yako ukasikilize nje. Nisamehe. Ninaandika neno hili na kunde sizioni vizuri.

Labda sasa mko pamoja. Kama mko pamoja, mwambie kuwa amechelewa sana, na umfanye acheke. Kama bado hujamwona, basi bado yuko njiani mahali fulani, mzee, anatembea polepole kama samaki hawa.

Kunde zimeiva, Mama. Vitunguu vinageuka rangi kwenye mafuta, na mlango nimeufungua wote. Pumzika sasa, umesikiliza vya kutosha, zamu hii niachie mimi. Kila Alhamisi nitafunga duka mapema, nitakaanga, nitaacha picha zipite kimya, na nitakaa upande wa mlango. Najua hii si Walukuba, na nyumba hii Baba haijui. Lakini harufu ya kitunguu inafika mbali, ulisema mwenyewe. Mtu akikohoa hapo nje sitauliza ni nani. Nitapakua sahani ya pili.

Mwanao,
Hawa