Chumvi ya Wakundaji

Bunia, mtaa wa Ngezi, 2/3/2003

Kwa yaya Paluku, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani kwako. Malaria imenipita mbali mwezi huu. Na huko Mahagi, kifua kimepoa?

Wakundaji wako wawili, samaki wako wa baharini, ni wazima. Yule mkubwa hatulii. Mchana kutwa ndevu zake mbili za kidevuni zinafukua mchanga mpaka maji yanachafuka, utadhani mchimba dhahabu wa Mongbwalu. Pampu ya tangi lao naiendesha kwa betri ya gari, maana mlio wa jenereta unaita wageni wabaya.

Gunia la chumvi ya maji yao ulilompa dereva limefika, na ndilo linaloniogopesha. Lilishushwa mchana, mtaa mzima ukaona. Jirani Bibiane aliniambia uani: “Kavira, weye unaishi peke yako. Chumvi yote ile iko ya nani?” Mtaani wanasema nawapikia wapiganaji wa upande mwingine waliojificha. Watu wameuawa kwa maneno madogo kuliko hayo. Yaya, niruhusu nimwage kila kitu.

Mdogo wako,
Kavira

Mahagi, 15/3/2003

Mdogo wangu Kavira,

Kifua kimepoa, asante kuuliza. Na wewe, unakula? Usingizi unakuja?

Samaki hao niliwapakata kutoka Mombasa hadi Bunia ndani ya mfuko wa maji, abiria wote wakinicheka. Lakini samaki hununuliwa, mdogo hanunuliwi. Ukiona hatari, mwaga. Ila ukimwaga leo, watasema umeficha jambo. Fungua mlango wa sebule, watu waje waone maji ya bahari ndani ya Bunia, wayaonje. Kificho ndicho kinachozaa maneno.

Yaya wako,
Paluku

Bunia, 4/5/2003

Yaya, uko salama? Mimi ni mzima.

Nilifungua mlango kama ulivyosema, na majirani walikuja, hata Bibiane. Jana wakaja wapiganaji wanaoushika mtaa. Kamanda wao aliliona gunia. “Chumvi hii inalisha nani?” Nilimpeleka kwenye tangi. Alichovya kidole, akalamba, akatema, kisha akawalazimisha vijana wake nao walambe. “Iko kweli, huyu mama analisha samaki.” Wakacheka. Nami nikacheka, yaya, huku mkojo unanitoka.

Wameondoka na redio. Kamanda amewapenda samaki, atapita tena kuwatazama. Na askari wa Uganda wanaoulinda mji wanafunga mizigo.

Mdogo wako,
Kavira

Mahagi, 20/5/2003

Kavira, uko hai?

Sijui nikusalimie vipi. Madereva wanaofika hapa wanasimulia miili barabarani. Barua zangu mbili hukuzijibu. Acha nyumba, acha samaki, kimbia. Watu wengi wanapita njia ya Komanda kwa miguu. Niandikie hata neno moja, sili wala silali.

Yaya wako,
Paluku

Bunia, 2/6/2003

Yaya mpendwa,

Niko hai, kula sasa. Barua zako zilifika, aliyekosekana ni wa kubeba jibu. Hii ameichukua Adeline, muuza vitenge unayemjua, kaishona ndani ya upindo. Ukishaisoma, ichome.

Wakundaji wamekufa wote wawili. Wapiganaji walichukua betri, pampu ikasimama. Niliwazika uani nikalia, maana nilikuwa nimewazoea. Lakini sikimbii, na chumvi usiache kutuma.

Bibiane na watoto wake wanne wako kwenye depo yako, ile stoo ya bidhaa, nyuma ya magunia, tangu wapiganaji walipoanza kuwasaka watu wa kabila lake nyumba kwa nyumba. Ndiyo, Bibiane yule yule. Alibisha hodi kwangu kwa sababu ndiyo nyumba pekee mtaani ambayo chumvi yake haiulizwi tena. Sasa samaki lazima wawe hai, la sivyo kamanda atauliza nani anakula.

Kila asubuhi natia mkono ndani ya tangi, nafukua mchanga kwa vidole viwili mpaka maji yanachafuka. Kamanda akija, nasema wamejichimbia. Analamba kidole, anakuta chumvi, anakwenda zake. Jana alivuta kiti akakaa, akingoja watoke. Mtoto mdogo wa Bibiane akakohoa. Nikakohoa na mimi, kwa nguvu, mpaka machozi. Alinitazama sana. Amesema atarudi.

Tuma chumvi, yaya. Tuko sita.

Mdogo wako,
Kavira