Mipangilio ya Seva Yangu Iko kwa Mke Mwenzangu

Mpendwa Bi Nana, assalaam alaykum. Niwie radhi kwa kuchelewa kuandika, nimeanza barua hii mara nyingi na kila nikishika simu Khubaib anaamka anataka kunyonya, na nikipata nafasi hasira zinanifunga mkono.

Mimi na mume wangu Taib tuna studio ya picha za arusi hapa Mji wa Kale, yeye na vijana wake hupiga upande wa wanaume, mimi hupiga kupamba, ile sherehe ya wanawake peke yao ya kumwonyesha bi arusi, ambako huwa wamejiachia bila buibui wala mtandio, na ndiyo maana tulipoleta seva ya kuhifadhi picha niliweka sharti kwamba folda za kupamba hazifunguliwi na mwanamume yeyote, hata Taib mwenyewe, na Winnie, fundi wetu wa kompyuta, akaipanga hivyo. Nilipokuwa mjamzito nikamchukua Fadhiya anisaidie, nikamfundisha kamera, nikamfundisha seva, na kabla mtoto hajatambaa Taib akamuoa. Akamfungulia duka lake la picha mtaa wa Makadara, na seva yake Winnie akainakili kutoka kwa yangu, mpaka majina ya folda niliyoyabuni mimi.

Sasa juzi juzi stima zilipotea zikarudi kwa nguvu, seva yangu ikaungua, na kompyuta niliyowekea nakala ya mipangilio ikaungua pamoja nayo. Winnie anasema diski ni nzima, picha zote zimo, tumeshanunua seva mpya ya aina ile ile, lakini bila ile mipangilio ya nani anafungua nini anaogopa tukichomeka diski folda zitafunguka kwa kila mtu dukani, na nakala iliyobaki ni moja tu, iko kwenye seva ya Fadhiya. Shifa, bi arusi wa mwisho niliyempiga, anasafiri kumfuata mumewe Muscat na mamake anaulizia video kila siku, na akianza kusema mjini kwamba kwangu picha za wanawake hazina usalama, nimekwisha.

Taib akasema ni jambo dogo, akaenda mwenyewe kuichukua. Akarudi mikono mitupu na maneno haya: "Amesema uende uichukue mwenyewe." Bi Nana, nililia. Amechukua nusu ya mume wangu, sasa anataka nikasimame mlangoni kwake niombe kilicho changu, kisha niwashe seva yangu inisalimie kwa jina lake? Kwa nini nisimwambie Winnie aanze upya kwa mkono, tutakachokosea tukosee?

Mke Mkubwa, Mji wa Kale

*

Mke Mkubwa, alaykum salaam.

Pole, mwanangu. Una mtoto wa kunyonya, una duka, na umeletewa mke mwenza aliyekula chakula chako. Wivu wako sikukatazi. Lakini umekufunga macho.

Taib alikwenda kuchukua nini? Faili lenye funguo za folda ambazo wanaume hawaruhusiwi kuzifungua. Fadhiya akakataa kumkabidhi, mumewe aliye mbele yake, anayemlipia kodi ya duka. Amelishika sharti lako, na ndani ya faili hilo mna maneno yake ya siri pia, ambayo yuko tayari kukupa wewe. Wewe uliyeliweka sharti ndiye uliyemtuma mwanamume, kwa sababu hukutaka kumwona mtu. Ni nani kati yenu aliyewalinda wale wanawake?

Na hilo la "tutakachokosea tukosee" sitaki kulisikia tena. Atakayeonekana kichwa wazi ni Shifa.

Basi nenda, na Winnie. Seva mpya ikiuliza kama izifute diski na kuziandaa upya, akatae. Akisharudisha mipangilio, abadilishe jina la seva na anwani yake, haitakusalimia kwa jina la mtu. Afute jina la Fadhiya na maneno yake ya siri. Kisha aingie kwa jina la mmoja wa vijana wa Taib, na folda za kupamba zikimkatalia, hapo umpe Shifa video yake. Nakala mpya weka kwenye flashi mbili, moja kwako na moja kwa mamako, si kando ya seva.

Ya Taib na zamu zake za kulala kwako na kwa Fadhiya tutayazungumza ukiniandikia, hayo ni makubwa kuliko faili. Leo mwandikie Fadhiya, moja kwa moja, hivi:

"Fadhiya, assalaam alaykum. Naja leo baada ya laasiri na Winnie, nitakuwa na mtoto. Naomba uniwekee tayari faili la mipangilio kwenye flashi tupu, namba ya toleo la mfumo wa seva yako, na neno la siri la kufungulia faili. Maneno yako ya siri nitayafuta, njoo ushuhudie kwa macho yako. Na umefanya vyema kutompa Taib."