Simu Mpya na Chungu Kipya

Mjukuu wangu Devota,

Hapa Bigwa babu yako hajambo, mama yako hajambo, mdogo wako kikohozi kimepungua, na mbuzi wetu ana mimba. Umeuliza kwa nini namzuia mama yako kumuuza mbuzi huyo ili upate simu ya mwaka huu. Nilipoolewa, kila baada ya mavuno nilipanda mlimani kwa bibi mfinyanzi kutaka chungu kipya, nikidhani kitakuwa bora kuliko cha mwaka jana. Safari moja akacheka: "We mwali, chungu ni kile kile. Unangoja kijipikie chenyewe?" Nikarudi mikono mitupu, na maharage yakaiva kwenye cha zamani.

Labda simu ni mambo mengine, mimi sijasoma. Ila hujaniambia hiyo mpya inafanya nini ambacho yako haifanyi. Niambie upesi, mwanangu, mnunuzi wa mbuzi anakuja Jumapili.

Bibi yako