Tuko 10, kwa Besi Gani?

Poona, India

Dada yangu Nechesa,

Salamu zangu zikukute mzima, zisikukute ukilia. Habari ya nyumbani Mayoni, na masomo je? Mimi mwili ni mzima lakini moyo hauna raha. Barua hii nimeituma kwa anwani ya shule yenu ili baba asiifungue, maana najua husoma hata zako kabla hujazitia posta.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Unasema surua imepita kijijini. Unasema miwa sasa imefika hadi ukuta wa jikoni, kwamba baba aliuza ng'ombe wa mwisho apande pale walipokuwa wakilala, na watoto wanakunywa chai ya rangi. Sukari tele, maziwa hakuna. Miwa hiyo ndiyo karo yangu ya huku. Halafu chini kabisa umeandika: "Sisi watoto wa mama tuko 10." Basi, ukakunja karatasi.

Unakumbuka mchezo huu ulivyoanza. Uliwahesabu wadogo zako kwa kidole, kukhu, nyanya yetu, akakudaka mkono. "Watu hawahesabiwangi!" akafoka. "Unataka kifo kisikie?" Ndipo nikakufundisha kuhesabu kwa sita sita. Sisi tuko saba, yaani sita moja na mmoja juu yake: 11. Kukhu akasikia "moja-moja," akacheka na kurudi kwenye mboga zake. Tangu nije huku umekuwa ukiniandikia 11, nami nalala usingizi.

Sasa ni 10. Kama bado unahesabu kwa sita, hiyo ni sita moja bila kitu juu, na mmoja wetu hayupo. Lakini barua iliyotangulia ulijisifu kwamba mwalimu amewafikisha besi ya saba, yaani kuhesabu kwa saba saba, na kwa saba, 10 ni saba kamili, sote tupo. Ndio ubaya wa hesabu: kila besi ikijihesabu yenyewe hujiandika 10. Je, ulisahau kile kinamba kidogo cha chini kinachotaja besi, au baba alikuwa amesimama nyuma yako?

Nawajua watu wetu. Babu alipofariki mlinificha mpaka nikamaliza mtihani, nami nikawa namtumia salamu mtu aliye kaburini. Mtihani mwingine ni mwezi ujao, ndiyo maana naogopa. Jana mwalimu aliniita ubaoni nikasimama na chaki mkononi, nisijue nimeulizwa nini. Mwenzangu wa chumba, kijana wa Kisii, anasema, "Ndugu, kungekuwa na msiba wangekupigia telegramu." Hajui kwetu huyo.

Usiniandikie namba tena, hata ya besi gani. Nimechoka nazo.

Nisalimie mama, na kukhu aniombee. Nisalimie Makokha, mkata miwa wetu. Nisalimie Awinja na sauti yake ya kwaya. Nisalimie Wesonga, mwambie mpira wake nimeununua. Nisalimie Rispa mwoga wa kuku. Nisalimie Were, kitinda mimba wetu, aliyekuwa hajaota meno nilipoondoka. Mfikishie kila mmoja salamu yake mkononi, halafu uniandikie kila mmoja amejibu nini. Asiyejibu, andika jina lake tu, uache mstari mtupu.

Ni mimi kaka yako,
Musundi