Chupa Niliyoificha Kwenye Gunia la Pamba

...na ndiyo maana nilicheka ovyo uliponiuliza kwenye simu kama nina afya, Minza wangu. Mama alikuwa karibu yako, na simu ile inasikika hadi uani. Hili nimeona niliandike, ulisome peke yako.

Mwangaluka, mke wangu. Umeamkaje? Mgongo uliokuuma kwa kuchuma pamba umetulia? Huku Dar nakuwaza hadi naunguza vyuma karakanani. Mafundi wenzangu wananiita Bwana Harusi, na mimi naitika kwa furaha! Shati ulilolinyoosha kwa pasi ya mkaa bado sijalifua.

Sasa nisikilize. Kabla sijakuoa nilipimwa nikakutwa na virusi vya homa ya ini, ile B. Hospitali moja huku ikanichukua kwenye utafiti: wanatupima damu, wanatupa kidonge cha kila siku, wanaangalia ini linavyopona. Nilikuwa naendelea vizuri.

Nikaja kijijini Nkoma kwenye harusi yetu na chupa yangu ya vidonge. Shangazi akaunyanyua mfuko wangu mbele za watu. "Bwana harusi, mbona mfuko unalia kama manyanga? Umebeba dawa ya mapenzi?" Walicheka wote. Mimi jasho lilinitoka, maana chupa ile inafanana na za dawa za ukimwi. Nikaificha ndani ya gunia la pamba. Kesho yake, mimi nikiwa kanisani kwenye mafundisho ya ndoa, kaka zangu wakalibeba gunia kwenda mizani kuuza pamba, chupa ikiwa ndani.

Ningeweza kwenda hospitali ya Bariadi kuomba dawa nyingine. Sikwenda. Nilijiona mzima, nikawa na wewe, nikasahau dunia yote. Miezi miwili bila kidonge, Minza.

Niliporudi Dar, majibu ya damu yakaonyesha ini limevimba. Nikamdanganya daktari kwamba nilimeza kila siku.

"Bwana Masunga," akasema, "ukinidanganya nitaandika dawa imeshindwa, na wenzako watanyimwa dawa inayofaa. Haya, mkeo anajua?"

Nikamweleza yote. La mwisho lilinitoa machozi: hujui. Ulinipa moyo wako wote, mimi nikakunyima neno moja ulilostahili kulisikia kabla hatujalala kitanda kimoja. Nisamehe, mpenzi wangu.

Usinisubiri. Kesho nenda hospitali, uombe kipimo cha homa ya ini B. Kama huna, waanze kukuchanja. Kama unayo, watakufuatilia, na dawa ipo. Kula sahani moja na mama hakuna shida.

Msalimie mama, na mdogo wako wa kike aliyelia harusini kuliko wewe. Shangazi mwambie mfuko wangu unalia tena kwa chupa mpya, na safari hii sitaunyamazisha.

Ukinikasirikia, nikasirikie nikiwa mbele yako. Nimeshaomba ruhusa kazini. Kabla mwezi huu haujaisha nitashuka stendi ya Bariadi, chupa mkononi, watu wote wakiiona.

Mumeo akupendaye,
Masunga